Nguzo za taa za zege nchini Uingereza

Nguzo za taa za zege ni nguzo za taa za barabarani zilizotengenezwa kwa zege lenye nondo ndani yake. Nchini Uingereza zilisimikwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Katika kipindi hicho zilimulika barabara kuu, mitaa mipya ya makazi na vijiji vingi vya nchi hiyo. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na nguzo za feleji na alumini, na tangu hapo nguzo za zege zimekuwa zikiondolewa mwaka hadi mwaka. Zilizobaki leo ni sehemu ndogo tu ya zile zilizowahi kusimama, na nyingi kati ya hizo hazibebi tena vichwa vya taa vya asili.

Nguzo hizi zisichanganywe na nguzo za zege za kusambazia umeme, kama zile ambazo Kenya na Tanzania zimeanza kuzitumia mahali pa nguzo za miti. Nguzo ya kusambazia umeme hubeba nyaya za juu kutoka mahali hadi mahali. Nguzo ya taa inayoelezwa hapa kwa kawaida hupokea umeme kutoka kwenye kebo iliyofukiwa ardhini, na kazi yake ni kuinua taa moja au mbili juu ya barabara.

Historia

Kabla ya zege

Mwangaza wa barabarani wa gesi ulionyeshwa London katika mtaa wa Pall Mall mwaka 1807. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 nguzo za taa za gesi zilikuwa za chuma cha kusubu, fupi na zenye mapambo, na kila jioni mwasha taa alipita akiziwasha moja baada ya nyingine. Taa za umeme zilifuata. Mwaka 1879 mtaa wa Mosley katika mji wa Newcastle ulimulikwa kwa balbu ya Joseph Swan, na mwaka 1881 mji mdogo wa Godalming ulipata umeme wa kutumiwa na umma. Hata hivyo nguzo ziliendelea kuwa za chuma cha kusubu, na mara nyingi nguzo ya gesi ilibadilishwa tu ili ibebe balbu ya umeme.

Zege lenyewe lilikuwa tayari linajulikana. Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824, na Mfaransa Joseph Monier alipata hataza mwaka 1867 kwa vyungu vya maua vya zege vilivyoimarishwa kwa chuma. Wazo la Monier ndilo msingi wa nguzo ya zege. Zege huvumilia sana kugandamizwa lakini hupasuka kirahisi likivutwa au kupindwa, ilhali chuma huvumilia kuvutwa. Vikiunganishwa, kila kimoja hufidia udhaifu wa mwenzake. Nguzo ya taa inayosukumwa na upepo hupindwa kila siku, kwa hiyo haiwezi kutengenezwa kwa zege tupu.

Magari na taa mpya

Katika miaka ya 1920 na 1930 idadi ya magari nchini Uingereza iliongezeka haraka, na ajali za usiku ziliongezeka pia. Wakati huohuo zilipatikana aina mbili za balbu zilizotoa mwanga mwingi kuliko balbu za waya. Mwaka 1932 taa za mvuke wa zebaki zilijaribiwa barabarani huko Wembley, na mwaka huohuo taa za mvuke wa sodiamu zilijaribiwa katika barabara ya Purley Way huko Croydon. Taa zenye nguvu hivyo hazikufaa kuwekwa chini karibu na macho ya madereva. Zilihitaji nguzo ndefu.

Wizara ya Uchukuzi iliunda kamati ya kuchunguza taa za barabarani, na ripoti yake ya mwisho ilitolewa mwaka 1937. Kamati ilizigawa barabara katika makundi mawili. Kwa barabara za magari mengi ilipendekeza taa ziwekwe kwenye kimo cha futi 25 (takriban mita 7.6), na umbali kati ya nguzo na nguzo kwa kawaida usizidi futi 150 (takriban mita 46). Kwa mitaa ya kawaida ilipendekeza kimo cha futi 13 hadi 15 (takriban mita 4 hadi 4.6). Mgawanyo huo ulikuja kujulikana kama Kundi A na Kundi B, na ndio sababu nguzo nyingi za zamani zinazoonekana leo ni za vimo viwili tu.

Nguzo fupi za enzi ya gesi hazikuweza kufikia futi 25. Halmashauri zilihitaji nguzo mpya kwa maelfu, na zege lilikuwa tayari kwa kazi hiyo. Lilikuwa nafuu, halikuhitaji kupakwa rangi kila baada ya miaka michache kama chuma, na lilisemekana kudumu bila matunzo. Kampuni ya Concrete Utilities ya Great Amwell, katika wilaya ya Hertfordshire, ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa. Kampuni hiyo baadaye iliitwa CU Phosco. Mtengenezaji mwingine mkubwa alikuwa kiwanda cha Stanton huko Derbyshire, ambacho kilijulikana kwanza kwa mabomba ya chuma.

Vita na miaka iliyofuata

Tarehe 1 Septemba 1939 amri ya kuzima taa ilianza kutumika ili ndege za adui zisiione miji. Nguzo zilisimama gizani, na nyingi zilipigwa mistari myeupe karibu na ardhi ili watu na magari wasizigonge. 

Vita vilipokwisha mwaka 1945, chuma na feleji vilikuwa adimu na vilitolewa kwa kibali. Nguzo ya zege ilihitaji feleji kidogo tu kwa ajili ya nondo, kwa hiyo ikawa chaguo la kwanza la halmashauri nyingi. Nchi ilikuwa ikijenga upya miji iliyobomolewa kwa mabomu na kuanzisha miji mipya chini ya sheria ya mwaka 1946. Mitaa hiyo mipya ilihitaji taa, na kwa watoto waliokulia humo nguzo ya kijivu mbele ya nyumba ilikuwa kitu cha kila siku. Miaka ya 1940 na 1950 ndiyo kilele cha nguzo za zege.

Kupungua

Feleji ilipopatikana tena, nguzo za mabomba ya feleji zilirudi. Zilikuwa nyembamba na nyepesi zaidi, na kuzichovya katika zinki ya moto kulizilinda dhidi ya kutu. Nguzo ya zege ya barabara kuu ina uzito wa mamia ya kilo, na huhitaji winchi ili kuisafirisha na kuisimamisha, lakini nguzo fupi ya feleji inaweza kusimamishwa na mafundi wachache. Katika miaka ya 1960 na 1970 feleji ilishinda, na kufikia miaka ya 1980 nguzo mpya zilikuwa karibu zote za feleji au alumini.

Utengenezaji

Nguzo za zege zilitengenezwa kiwandani na kupelekwa barabarani zikiwa zimekomaa. Njia kuu zilikuwa mbili.

Njia ya kwanza ni ya kumimina. Nondo zilifungwa pamoja na kuwekwa ndani ya kalibu iliyolala, kisha zege likamiminwa na kutikiswa ili hewa itoke. Njia hii iliruhusu maumbo mengi: nguzo za pembe nane, nguzo zenye mifereji wima, na mikono iliyopinda. Nguzo za Concrete Utilities ziliuzwa kwa majina kama vile Highway X na Byway X, ambayo yanaonyesha aina ya barabara zilizokusudiwa.

Njia ya pili ni ya kuzungusha. Kalibu ya mviringo iliyolazwa ilizungushwa kwa kasi, na zege likasukumwa kwenye kuta zake kama maji yanavyosukumwa kwenye kuta za ndoo inayozungushwa. Matokeo yalikuwa nguzo ya mviringo yenye uwazi katikati na zege lililoshikamana sana. Stanton, ambao walizoea kutengeneza mabomba ya chuma kwa kuzungusha, walitumia kanuni hiyohiyo kwa nguzo za zege.

Watengenezaji wengine walivuta nyaya za feleji kabla ya zege kumiminwa na kuziachia baada ya zege kukauka. Nyaya zilizovutwa hutaka kurudi urefu wake wa awali, kwa hiyo huligandamiza zege, na nguzo hustahimili kupindwa bila kupata nyufa.

Uso wa nguzo ulitegemea kokoto zilizotumika. Baadhi ziliachwa laini za kijivu. Nyingine zilisuguliwa au kuoshwa mpaka kokoto za matale zikaonekana, na katika jua la jioni nguzo za aina hiyo humetameta kidogo.

Sehemu za nguzo

Nguzo ya kawaida ya zege ina sehemu zifuatazo:

- Mzizi: sehemu iliyozikwa ardhini, yenye tundu la kupitishia kebo ya umeme.
- Kitako: sehemu nene ya chini, yenye mlango mdogo wa chuma au wa zege. Ndani yake huwekwa fyuzi, saa ya kuwashia taa na vifaa vingine vya umeme.
- Shina: sehemu ndefu inayopungua unene kuelekea juu.
- Mkono: sehemu inayotoka kwenye shina hadi juu ya barabara. Katika nguzo za zamani mkono nao ulikuwa wa zege, na mara nyingi ulipinda kama upinde au kama shingo ya ndege. Nguzo fupi za mitaani nyingi hazina mkono. Taa hukaa juu ya shina moja kwa moja.
- Kichwa cha taa: kifuniko chenye balbu, kioo na vifaa vya kuelekeza mwanga.

Vichwa vya taa na balbu

Kichwa cha taa mara nyingi hakikutengenezwa na mtengenezaji wa nguzo. Miongoni mwa kampuni zilizotengeneza vichwa hivyo ni GEC, Revo wa Tipton, ELECO, na baadaye Thorn na Philips. Kwa sababu hiyo nguzo za aina moja zinaweza kuonekana na vichwa tofauti katika miji jirani.

Kazi ya kichwa si kulinda balbu peke yake. Balbu tupu hutupa mwanga pande zote, na sehemu kubwa yake hupotea angani. Vichwa vya zamani vilitumia vioo vyenye mistari mingi ya pembe tatu, ambayo hupinda mwanga na kuupeleka mbali kwenye barabara, kwa kanuni ileile ya mche wa kioo unaotumika katika masomo ya fizikia. Vingine vilitumia vipande vya kioo cha kujitazamia. Baadaye plastiki angavu ilichukua nafasi ya kioo.

Balbu zilizotumika katika nguzo za zege zilibadilika kadiri ya miaka:

- Balbu ya waya wa tangsteni. Mwanga wake ni wa manjano hafifu na wa kupendeza, lakini hutoa takriban lumeni 10 hadi 15 tu kwa kila wati ya umeme, na waya wake hukatika mapema.
- Balbu ya mvuke wa zebaki. Mwanga wake ni mweupe wenye ubluu au ukijani. Hutoa takriban lumeni 50 kwa wati na hudumu miaka kadhaa. Ilipendwa katika mitaa ya makazi na katikati ya miji.
- Mrija wa floresenti. Ulitumiwa katika vichwa virefu vya umbo la sanduku, hasa kwenye mitaa ya maduka, kuanzia miaka ya baada ya vita.
- Balbu ya sodiamu ya kanieneo ya chini. Mwanga wake wote karibu ni wa rangi moja, manjano yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 589 hivi. Aina zake za mwisho zilifikia lumeni 180 kwa wati au zaidi, na kwa miaka mingi hakuna taa nyingine ya barabarani iliyoishinda kwa kutumia umeme kidogo.
- Balbu ya sodiamu ya kanieneo ya juu. Ilianza kuuzwa katika miaka ya 1960. Mwanga wake ni wa rangi ya dhahabu na huonyesha rangi za vitu vizuri kidogo kuliko ile ya kanieneo ya chini.
- LED. Ndiyo inayotumika katika karibu taa zote mpya leo.

Balbu ya sodiamu ya kanieneo ya chini inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoipa miji ya Uingereza rangi yake ya usiku kwa muda wa miongo mingi. Ikiwashwa huanza na mwanga mwekundu, kwa sababu gesi ya neoni iliyomo ndani yake huwaka kwanza. Joto linapopanda, sodiamu hugeuka mvuke na mwanga hubadilika polepole kuwa manjano. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Chini ya mwanga wa rangi moja jicho haliwezi kutofautisha rangi. Gari jekundu na gari la bluu yote huonekana ya kahawia au meusi. Jambo hilo liliwasumbua polisi na wenye maduka, lakini wanaastronomia waliipenda, maana mwanga wa rangi moja ni rahisi kuuchuja katika darubini. Philips, mtengenezaji mkubwa wa mwisho wa balbu hizo, alisimamisha utengenezaji wake mwaka 2019. Balbu za zebaki zilikuwa zimekwisha kuondolewa sokoni katika Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado mwanachama, mwaka 2015.

Namna ya kuwasha

Nguzo za umeme hazikuhitaji mwasha taa wa kila jioni, lakini zilihitaji saa. Saa ya kuwashia taa ilikaa ndani ya kitako cha nguzo. Zile za mwanzo zilijazwa ufunguo kwa mkono, na fundi alizizungukia kwa zamu. Kwa kuwa urefu wa usiku nchini Uingereza hubadilika sana kati ya Juni na Desemba, saa bora zilikuwa na bamba maalumu lililosogeza wakati wa kuwasha na kuzima siku kwa siku, kufuatana na machweo na macheo. Kampuni ya Horstmann ya mji wa Bath ilijulikana kwa saa hizo. Mitaa mingine ilizimwa usiku wa manane ili kubana matumizi. Baadaye zilikuja seli za mwanga, ambazo huwekwa juu ya kichwa cha taa na kuiwasha giza linapoingia.

Maoni kuhusu sura

Nguzo za zege hazikupendwa na kila mtu. Tume ya Kifalme ya Sanaa, iliyoundwa mwaka 1924, ilipewa kazi ya kuchunguza michoro ya nguzo na kuidhinisha ile iliyofaa, na watengenezaji walitangaza kibali hicho kwa fahari katika vitabu vyao vya bidhaa. Hata hivyo malalamiko hayakuisha. Mshairi John Betjeman alizishambulia nguzo za zege katika maandishi yake kwa kuharibu mitaa ya kale. Mwaka 1955 mwandishi Ian Nairn alitoa toleo maalumu la jarida la Architectural Review lililoitwa Outrage, ambalo lililaumu jinsi mji na shamba vilivyokuwa vikifanana. Nguzo za taa zilikuwa miongoni mwa vitu alivyovilaumu.

Hoja yao ilikuwa kwamba nguzo ya futi 25 iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara kuu ilisimamishwa pia mbele ya kanisa la karne ya 13 au nyumba ndogo za kijiji, bila kujali mahali. Hoja ya halmashauri ilikuwa kwamba barabara isiyo na mwanga huua. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Leo, nguzo zilizolaumiwa kwa kuwa nyingi mno zimekuwa chache, na baadhi ya watu wanaotaka zitunzwe hutumia hoja ileile ya Betjeman na Nairn: kwamba kila mahali pawe na sura yake, badala ya nguzo za aina moja nchi nzima.

Uchakavu

Ahadi ya kwamba zege halihitaji matunzo haikutimia. Kisababishi kikubwa cha kuharibika kwa nguzo hizi ni kutu ya nondo.

Zege jipya lina alikali nyingi. pH yake ni 12 hadi 13. Katika hali hiyo feleji hufunikwa na utando mwembamba unaoizuia isishike kutu. Lakini dioksidi kabonia ya hewani hupenya polepole katika zege na kuungana na chokaa iliyomo. Alikali hupungua, na pH ikishuka chini ya 9 hivi utando huo huvunjika. Maji na oksijeni vikifika kwenye nondo, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko feleji iliyoliwa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani. Kwanza huonekana ufa mwembamba unaofuata nondo, kisha doa la kahawia, na mwishowe kipande cha zege huanguka.

Mambo mengine huharakisha uharibifu huo:

- Zege linalofunika nondo likiwa jembamba mno, dioksidi kabonia hufika mapema. Mikono ya nguzo, ambayo ni myembamba, huharibika kabla ya mashina.
- Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu huingia kwenye kitako pamoja na maji yanayorushwa na magari.
- Katika miaka ya nyuma kloridi ya kalsiamu ilichanganywa katika zege ili likauke haraka. Kloridi hushambulia utando wa feleji hata pH ikiwa juu. Matumizi yake katika zege lenye nondo yalikomeshwa nchini Uingereza mwaka 1977.
- Maji yaliyoingia kwenye nyufa hutanuka yakiganda na kuzipanua.

Usalama na kuondolewa

Mwenye nguzo, ambaye kwa kawaida ni halmashauri, anawajibika kisheria kwa usalama wa wapita njia. Kipande cha zege kinachoanguka kutoka futi 25 kinaweza kuua. Aidha nguzo ya zege haina namna ya kulainisha kishindo cha gari linaloigonga. Nguzo za kisasa za barabara za mwendo kasi zinaweza kuundwa zipinde au zikatike gari linapozigonga, ili abiria wasiumie sana.

Ugumu mkubwa ni kwamba uharibifu wa zege uko ndani. Nguzo yaweza kuonekana nzima huku nondo zake zimeliwa, na nyingine yenye nyufa mbaya ikawa imara kwa miaka mingi. Kuipima kila nguzo ni gharama, na kwa halmashauri yenye maelfu ya nguzo mara nyingi huwa nafuu zaidi kuzibadilisha zote kuliko kuzichunguza moja moja. 

Kuna njia za kati pia. Mojawapo ni kuukata mkono wa zege na kuvalisha kichwani mwa shina kofia ya feleji yenye mkono mpya mwepesi. Nguzo nyingi zilizobaki zimefanyiwa hivyo. Njia hiyo huondoa sehemu ya hatari zaidi na kupunguza uzito, lakini hubadilisha umbo la nguzo.

Kuanzia miaka ya 2000 halmashauri kadhaa zilifunga mikataba mirefu, mingi ya miaka 25, ambapo mkandarasi binafsi hugharimia ubadilishaji wa taa na kulipwa kidogo kidogo kwa miaka yote ya mkataba. Birmingham ilianza mkataba wa aina hiyo mwaka 2010 na Sheffield mwaka 2012, ikijumuisha barabara pamoja na taa. Surrey na Hampshire zilianza mikataba ya taa mwaka 2010. Katika maeneo kama hayo nguzo za zege zilitoweka ndani ya miaka michache. Baadaye mabadiliko ya kwenda LED yalimalizia kazi kwingineko, kwani fundi anayekuja kubadilisha kichwa huichunguza pia nguzo.

Nguzo zilizobaki

Nguzo za zege hupatikana leo hasa katika mahali pa aina nne.

Kwanza ni vijiji. Sheria ya Mabaraza ya Parishi ya mwaka 1957 iliyapa mabaraza hayo, ambayo ni mamlaka ndogo kabisa za serikali za mitaa, uwezo wa kuweka na kutunza taa. Baraza la kijiji chenye nguzo 20 au 30 halina fedha za kuzibadilisha zote kwa pamoja. Hubadilisha ile iliyoharibika tu, na nyingine huendelea kusimama.

Pili ni njia za waenda kwa miguu nyuma ya nyumba, ambako magari hayafiki na chumvi haimwagwi. Tatu ni maeneo binafsi kama vile viwanda vya zamani, hospitali, kambi za jeshi na maegesho ya magari, ambayo hayamo katika mikataba ya halmashauri. Nne ni mitaa michache ambako wakazi waliomba nguzo ziachwe.

Mara nyingine nguzo husimama bila taa. Nguzo mpya huwekwa pembeni yake, umeme huhamishwa, na ile ya zamani huachwa ikingoja kuondolewa, wakati mwingine kwa miezi mingi.

Uhifadhi

Sheria ya Uingereza inaruhusu nguzo ya taa kuandikishwa katika orodha ya majengo yenye umuhimu wa kihistoria, na nguzo nyingi za chuma cha kusubu zimeandikishwa. Tangu sheria ya mwaka 1967 kuna pia maeneo ya hifadhi, ambamo sura ya mtaa mzima huzingatiwa. Nguzo za zege zimefaidika kidogo sana na kinga hizo. Sababu mojawapo ni kwamba zilitengenezwa kwa maelfu na kwa muda mrefu zilionekana kuwa vitu vya kawaida mno. Sababu nyingine ni ya kiufundi: nguzo ya chuma cha kusubu inaweza kusafishwa, kuungwa na kupakwa rangi, lakini nguzo ya zege ambayo nondo zake zimeshika kutu ni vigumu kuiponya.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya uhifadhi imefanywa na watu binafsi. Wakusanyaji hupiga picha za nguzo kabla hazijaondolewa, huandika aina na mahali pake, na huomba vichwa vya taa kutoka kwa mafundi ili visitupwe. Kichwa cha taa kinaweza kutunzwa nyumbani. Nguzo yenyewe ni nzito mno kwa watu wengi. Ndiyo maana vichwa vingi vimeokolewa kuliko nguzo, na umbo zima la nguzo yenye mkono wake wa zege na kichwa chake cha asili linazidi kuwa adimu kuliko sehemu zake.

Anayeokoa vifaa hivyo anapaswa kujihadhari. Nyaya za zamani hupoteza kihami chake na zinaweza kuua kwa umeme. Baadhi ya vifaa vya fyuzi vina asbesto, kapasita za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na kemikali za sumu za PCB, balbu za zebaki zisivunjwe, na sodiamu ya ndani ya balbu huwaka ikigusana na maji. Nguzo iliyopo barabarani ni mali ya halmashauri au baraza, na hairuhusiwi kufunguliwa mlango wake na mtu asiyehusika.

Kutambua nguzo ya zamani

Dalili zifuatazo humsaidia anayetaka kukadiria umri wa nguzo:

- Mkono wa zege ulioungana na shina kwa kawaida huonyesha miaka ya 1930 hadi 1950.
- Nguzo ya mviringo iliyo laini bila alama za maungio ya kalibu huenda ilitengenezwa kwa kuzungushwa.
- Kimo cha futi 15 au 25 huonyesha nguzo ya enzi ya vipimo vya futi. Nguzo za baadaye hufuata mita 5, 6, 8, 10 au 12.
- Mlango wa kitako au bamba dogo juu yake huweza kuwa na jina la mtengenezaji.
- Kichwa cha taa si ushahidi wa kutegemewa, kwa sababu huenda kimebadilishwa mara kadhaa tangu nguzo isimamishwe.

Nchi nyingine

Nguzo za taa za zege hazikuwa za Uingereza pekee. Los Angeles nchini Marekani ina nguzo nyingi za zege, zikiwemo zilizotengenezwa na kampuni ya Marbelite. Nchini Ujerumani nguzo za zege zilitumika sana katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na katika mitaa ya mashariki ya Berlin ziliendelea kuonekana baada ya nchi kuungana mwaka 1990.

Tazama pia

- Zege
- Saruji
- Taa ya umeme
- Sodiamu
- Kutu